Unga mweupe wa ukutani: dalili mwilini, chanzo chake na la kufanya

Nyumba ya Tanga haikosi ufa. Kuna upepo wa bahari, kuna chumvi, kuna masika, na kila mwaka kuna ukuta unaodai kukwanguliwa na kuzibwa. Anayeifanya kazi hiyo, awe fundi rangi, saidia fundi au mwenye nyumba mwenyewe siku ya Jumapili, hushika kwa wiki moja tu chokaa, saruji nyeupe, jipsamu na puti ya ndoo (inayouzwa ikiwa imeshakorogwa). Nyingi zinafanana kwa macho, na nyingi zimepimwa dukani kwa kilo na kutiwa kwenye kiroba kisicho na maandishi. Mwilini hazifanani hata kidogo. Moja inaunguza bila kuuma, nyingine haina ukali huo lakini inapata joto kali ndani ya ndoo, ya tatu haina neno mpaka ipigwe msasa.

Kwa hiyo dalili ikitokea, usianze na dawa. Anza na maswali matatu: nilishika unga gani, nilikuwa kwenye hatua ipi (kufungua mfuko, kukoroga, kupaka, kupiga msasa, kufagia), na dalili ilianza lini baada ya hapo. Majibu hayo matatu hutaja chanzo mara nyingi kuliko kipimo chochote.

Hujui ni unga gani

Chota vijiko viwili vya chai, tia maji kidogo upate uji mzito, uache juu ya kipande cha bati. Ukiganda kati ya dakika 10 na 30 na ukipata vuguvugu, ni jipsamu. Ukikaa saa nyingi ndipo ugande, ni puti ya saruji nyeupe. Ukibaki laini kama samli siku nzima, ni chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji baada ya kuchomwa), au ni unga wa mawe uliochanganywa na gundi.

Halafu chukua manjano ya jikoni, yakoroge kwa maji, paka kwenye kitambaa cheupe, na udondoshe juu yake tone la uji ule. Manjano yakigeuka kuwa rangi ya damu ya mzee, unga una chokaa au saruji, nao unaunguza ngozi na macho. Yakibaki manjano, hauna ukali huo. Baadhi ya jipsamu hutiwa chokaa kidogo kiwandani, basi rangi ikigeuka hata kwa unga uliouita jipsamu, fuata rangi, usifuate jina.

Jicho linachoma, linatoa machozi, au limeingiwa na unga

Hapa hakuna kusubiri. Saruji na chokaa zikilowa hufikia pH (kipimo cha ukali, mwisho wake 14) ya 12 hadi 13, na ukali huo hauishii juu ya jicho. Unaendelea kupenya kadiri unga unavyobaki chini ya kope.

Osha papo hapo kwa maji yoyote safi yaliyo karibu. Mlaze mtu au mwinamishe kichwa, jicho lililoumia likiwa upande wa chini, ili maji yasipitie kwenye jicho lisiloumia. Mtu mwingine ashike kope mbili aziachanishe kwa vidole, kwa sababu mwenye jicho hawezi kulifungua mwenyewe. Mwaga maji taratibu kutoka pembe ya puani kwenda nje. Pindua kope la juu utazame kama kuna chembe imenata, uitoe kwa ncha ya kitambaa safi kilicholowa, kisha uendelee kuosha. Kwa chokaa na saruji osha dakika 30 zisizopungua. Kwa jipsamu au puti ya ndoo, dakika 15 hadi 20. Chupa ya maji ya lita moja na nusu haifiki popote: kwa mwendo wa lita moja kwa dakika, ndoo ya lita 20 inakwisha ndani ya dakika 20. Ndiyo maana tunasema ndoo mbili za maji safi zenye kifuniko ziwepo kando kabla mfuko haujafunguliwa, wala zisiguswe kwa kukorogea.

Usitie siki wala ndimu kwa wazo la kuua ukali. Usitie maziwa ya mama, asali, wala dawa ya matone iliyobaki kabatini. Maji tu. Kisha hospitali siku hiyo hiyo (kwa aliye mjini, Bombo), na kiroba cha unga kiende naye.

Jicho jekundu linatisha, lakini linaloogopesha zaidi ni lile ambalo lilikuwa jekundu kisha likawa jeupe kama kauri, na maumivu yakapungua. Hilo halijapona. Mishipa ya damu imeungua. Kimbia.

Na chanzo? Mara nyingi ni kumwaga unga kutoka juu, kuziba dari bila miwani, au kujifuta jasho usoni kwa mkono wenye mchanganyo. Tia maji kwanza kwenye ndoo, ndipo uingize unga. Kata mfuko ukiwa umelala, uingize mdomo wake ndani ya ndoo, uinue polepole. Upepo wa bahari ukishapamba moto mchana, koroga ukiwa umeupa mgongo. Miwani iwe ile inayofunika pande zote, maana ya jua inaacha pembeni wazi.

Ngozi imekauka, imepasuka, imeungua, au ina vipele vinavyorudi

Haya ni magonjwa matatu tofauti, na watu huyapaka mafuta yale yale.

La kwanza ni ukavu. Mikono inakuwa migumu, inapasuka kwenye vifundo, hasa baada ya jipsamu na puti ya ndoo. Unga umenyonya maji na mafuta ya ngozi. Osha kwa maji safi na sabuni laini, kausha, paka mafuta ya nazi, na ndani ya siku chache ngozi hurudi.

La pili ni kuungua, nalo ni la hila. Saruji mbichi na chokaa haziumi mwanzoni. Mtu anapiga magoti kwenye mchanganyo, au mchanganyo unaingia ndani ya gambuti, anafanya kazi mpaka jioni, na maumivu yanakuja usiku. Asubuhi goti lina kidonda cha kijani kilichokwenda chini. Dalili ya mapema ipo, ila hatuijali: ngozi inateleza kana kwamba imepakwa sabuni. Huo utelezi ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yakiyeyushwa na ukali wa saruji. Ukiuhisi, acha kazi. Unga mkavu upanguswe kwanza, nguo, soksi na viatu vivuliwe, kisha maji yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, mpaka utelezi uishe kabisa. Usipake dawa ya meno, mafuta wala ndimu juu ya palipoungua. Malengelenge, ngozi iliyobadilika kuwa nyeupe au nyeusi, au kidonda kwenye kiungo, ni vya daktari.

La tatu ni mzio. Vipele na mwasho huanza mahali pa kugusia, baadaye hupanda mpaka kwenye mikono ya juu, na hurudi kila mtu anaposhika unga ule ule, hata kidogo. Kwenye saruji, chanzo kikubwa ni kromiamu ya aina ya sita inayoyeyuka kwenye maji. Ulaya tangu mwaka 2005 haiuzwi saruji yenye zaidi ya sehemu 2 kwa milioni ya kromiamu hiyo, na viwanda huipunguza kwa kutia dawa maalumu. Dawa hiyo huisha nguvu saruji ikikaa muda mrefu ghalani, hasa ikipata unyevu, na ghala lisilo na unyevu katika mwambao huu ni adimu. Kwenye puti ya ndoo, mshukiwa ni dawa ya kuzuia kuoza. Mtu mwenye mzio wa aina hii haponi kwa kuzoea. Mwili ukishaikataa, umeikataa, na njia ni kubadili bidhaa au kutoigusa kabisa.

Glavu: za mpira au naitraili, zenye shingo ndefu, mkono wa shati ukishuka juu ya shingo hiyo ili kinachotiririka kisiingie. Za ngozi na za pamba hunywa mchanganyo na kuubana kwenye kidole saa nzima. Glavu iliyotoboka ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwa sababu mkono mtupu angalau unaoshwa. Na ile ndoo ya kuoshea miko na karai isiwe ya kunawia. Maji yake yanaonekana safi juu, lakini ni maji ya chokaa.

Ndoo imepata moto, au mkono umekwama ndani yake

Jipsamu inapoganda hutoa joto. Ikipakwa kwa unene wa milimita mbili ukutani huwezi kulihisi, lakini fungu kubwa ndani ya ndoo linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, tena likiwa limeshakuwa jiwe. Mwaka 2007 huko Uingereza msichana wa miaka 16 alitumbukiza mikono kwenye ndoo ya plasta ya aina hiyo ili atengeneze umbo la mikono yake. Iliganda ikambana, na akapoteza karibu vidole vyote. Kwa hiyo usikoroge kwa mkono, na usimruhusu mtoto acheze na mabaki kwa kujitengenezea kiganja. Koroga kiasi utakachomaliza kwa dakika 15. Ukiganda mapema kuliko kawaida, sababu ni moja kati ya tatu: maji ya vuguvugu, ndoo yenye mabaki makavu ya jana, au kukoroga kupita kiasi. Kuongeza maji juu ya uliokwisha kuganda hakusaidii. Unarudi kuwa tope, unapakwa, unatoa vumbi milele.

Chokaa ambayo haijazimwa, ile ya mabonge, ni habari nyingine kabisa. Tanga imekaa juu ya mwamba wa chokaa, ule ule wenye mapango ya Amboni, na chokaa ya kuchomwa si kitu kigeni kwetu. Bonge likikutana na maji, maji huchemka na kuruka. Lizimwe nje, kwenye pipa la chuma lisilojaa zaidi ya nusu, maji yakiwa mengi na mabonge yakiingia machache machache. Ndoo ya plastiki italainika, na chombo kisifunikwe kamwe wakati linachemka. Miwani hapa haina mjadala.

Kikohozi, kifua kubana, pua kuziba kwa weupe

Tunakaa hapa kidogo, kwa sababu macho na ngozi hupiga kelele mapema, lakini mapafu hunyamaza miaka.

Kazi ya kukoroga hutoa vumbi kwa dakika chache, ya msasa hulitoa saa nzima. Vumbi unaloliona likielea kwenye mwanga wa dirisha hutua upesi na hunaswa puani. Linaloingia ndani kabisa ya pafu ni lile usiloliona, na hubaki hewani saa kadhaa baada ya wewe kuweka msasa chini. Ndiyo maana mtu aliyevaa barakoa akipiga msasa, kisha akaivua ili afagie, amejikinga nusu kazi.

Ubaya wa vumbi unategemea kilichomo. Jipsamu tupu na unga wa mawe ya chokaa hukera koo na pua, na kikohozi chake huisha siku mbili au tatu. Mchanga laini, yaani silika, ndio mbaya. Umo kwenye lipu ya saruji na kwenye baadhi ya puti za saruji. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya kuvutwa kwa pumzi kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1997. Pamoja na saratani huleta makovu ya mapafu yasiyo na dawa, na pafu lenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kazi yenye silika kuliko zote humu ndani hata si ya kuziba ufa: ni kuchimba mfereji wa nyaya kwenye lipu kwa grainda kavu. Chumba kikijaa moshi mweupe hivyo, barakoa ya duka la dawa haisaidii.

Vumbi linapunguzwa kwanza kwa namna ya kupaka, barakoa inakuja baadaye. Paka tabaka nyembamba za milimita 1 hadi 2, kila moja ikikauka, badala ya kujaza mara moja halafu ukwangue nusu. Jipsamu ikiwa imeshika lakini bado ina ubaridi wa unyevu ukiigusa kwa mgongo wa kidole, pitisha sponji iliyokamuliwa kwa mzunguko. Mabonge yanayeyuka, ukuta unasawazika, na hakuna kilichopaa hewani. Weka taa pembeni mwa ukuta ili uone mawimbi wakati bado laini. Msasa ubaki wa kugusia tu. Feni ya dari izimwe. Ya kusimama iwekwe dirishani ikitazama nje, na dirisha la upande wa pili liwe wazi. Usifagie kwa ufagio mkavu: nyunyiza maji, kisha futa kwa kitambaa kilicholowa.

Barakoa iwe ya daraja la N95 au FFP2. Kanga, leso na barakoa ya upasuaji havichuji vumbi hili. Kamba mbili, moja juu ya masikio na moja chini, na bati la pua libanwe kwa vidole vya mikono yote miwili. Ndevu zinapitisha hewa pembeni, na hilo halina ujanja. Ukivua, tazama ndani: mstari mweupe kando ya pua maana yake ilikuwa inavuja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga, kwa hiyo saidia fundi asikatwe posho yake kwa ajili ya barakoa.

Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapime kifua kikuu, na umtajie daktari kazi yako bila kungoja akuulize. Fundi wa miaka mingi anayeishiwa pumzi kwa kupanda ngazi moja anahitaji picha ya kifua. Kifua kinachobana na kupiga filimbi usiku, baada ya siku ya kutumia povu la kuzibia la kopo, kina chanzo kingine: kemikali za aina ya isosayanati. Aliyepata pumu kwa hilo asilitumie tena, hata nje.

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu

Puti za maji na jipsamu haziumizi kichwa. Ukiumwa, tafuta kitu kingine chumbani. Huenda umetumia fila ya bodi ya magari, ile ya kuchanganya na kigumisho cha tyubu, kwa sababu inashika haraka. Harufu yake kali ni ya kemikali iitwayo staireni, na chumba kilichofungwa hakikifai. Huenda ni tina ya rangi ya mafuta. Au umeme umekatika na jenereta imewekwa kwenye korido ili mashine ya msasa iendelee. Moshi wa jenereta una gesi isiyo na harufu inayoua, na dalili zake za mwanzo ni hizo hizo: kichwa, kizunguzungu, uchovu, bila jicho kuwasha. Watu wawili chumbani wakiumwa kichwa kwa pamoja, tokeni nje kwanza. Maswali baadaye.

Rangi ya zamani chini ya ufa

Kwenye nyumba kongwe za mitaa ya Tanga kama Chumbageni na Raskazone, kabla ya kuziba hukwanguliwa rangi ya miaka mingi, na rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi kwenye rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni, na za kale zilizidi hapo mara nyingi sana. Mtoto aliyelambalamba vumbi hilo hana dalili ya haraka. Ukija kuona, ni tumbo linalouma, kukosa hamu ya kula, ukilaza darasani. Usikwangue kavu, usichome rangi kwa moto. Lowesha, tandika turubai, kusanya magamba yote. Wajawazito na watoto wasilale humo mpaka sakafu imefutwa kwa maji mara mbili. Unga wa kuzibia wa zamani sana uliotoka nje usiutumie hata ukionekana mzima: Marekani ilipiga marufuku wenye asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu) mwaka 1977, maana yake kabla ya hapo uliuzwa.

Ukuta uleule unamomonyoka kila mwaka

Hili wengi hulihesabu kama tatizo la ukuta tu, lakini ndilo linalomrudisha mtu kwenye vumbi kila msimu. Jipsamu huyeyuka kwenye maji, karibu gramu 2 kwa lita. Ikipakwa kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe unaovuta unyevu kutoka chini, au kwenye lipu iliyopigwa kwa mchanga wa ufukweni, chumvi inaisukuma kutoka nyuma mpaka inakuwa unga. Unakwangua, unapaka tena ile ile, unakwangua tena.

Bandika karatasi ya plastiki ya sentimita 50 kwa 50 ukutani, ziba kingo zote kwa gundi, ngoja saa 24. Ukikuta matone upande wa ukutani, unyevu umo ndani, usipake kitu. Tafuta maji yanakotoka: bomba la paa, udongo uliopanda juu ya msingi, choo cha nyuma. Ng'oa lipu mpaka sentimita 50 juu ya mstari wa unyevu, ukiwa na barakoa, uache ukuta ukauke wiki kadhaa za kiangazi. Rudishia lipu ya chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga wa mto uliooshwa, na usiifunike kwa rangi ya mafuta. Ukuta huo unapumua, hauhitaji msasa kila mwaka.

Mabaki, na mtoto aliyemeza

Usimwage uji wa jipsamu kwenye sinki wala mtaro, utaganda humo. Uache ugande kwenye mfuko wake, utupe ukiwa bonge. Mfuko mtupu usiukung'ute. Unga uliobaki usiuhifadhi kwenye kopo la maziwa au ndoo iliyokuwa ya sembe, hata kwa siku moja, kwa sababu mtu mwingine jikoni hajui. Mtoto akila, msafishe mdomo, mpe maji mafundo madogo kama anameza vizuri, usimtapishe, usimpe ndimu wala siki wala mafuta. Aliyekula chokaa au saruji apelekwe hospitali hata kama hajalia. Aliyekula jipsamu vilevile, maana inaweza kuganda ikaziba utumbo. Kile kitambaa cha manjano ulichojaribia mwanzoni, kama bado kipo, kichukue. Kinaweza kumsaidia daktari kujua anashughulika na nini.